Vidonge vya chunusi na vidonge vya zinki: kipi kinafanya nini, na kwa nini visimezwe kwa pamoja

Mtu mwenye chunusi hakosi washauri. Huyu atamwambia mwili wake umepungukiwa na zinki. Yule atamwelekeza ameze doksisaiklini kwa wiki moja. Wa tatu atamwonya asithubutu kugusa vidonge vikali vya chunusi kwa kuwa vinaua kizazi. Basi anakusanya alichoweza kupata, anameza vyote asubuhi kwa mkupuo mmoja wa maji, na mwezi ukiisha bila mabadiliko anazikatia tamaa dawa zote kwa jumla. Mara nyingi dawa yenyewe haikuwa na kasoro. Ilimezwa kwa muda usiotosha, au ilimezwa sambamba na kitu kilichoizuia kuingia mwilini.

Hapa nazungumzia mambo mawili ambayo watu huyaweka kapu moja. La kwanza ni dawa za kumeza za chunusi: antibayotiki, isotretinoini na dawa za homoni. La pili ni virutubisho vya madini, yaani vidonge vya zinki, chuma, kalsiamu na vinginevyo ambavyo mtu hujinunulia bila cheti cha daktari. Dawa zina ushahidi mzito na masharti makali. Madini yana ushahidi mwembamba, nafasi finyu, na madhara ambayo wauzaji hawayasemi. Nayaeleza pamoja kwa sababu yanakutana tumboni, na yakikutana vibaya tiba inapotea bure.

Chunusi inavyotokea

Ngozi ina vitundu vidogo ambamo nywele huota, na pembeni mwa kila kitundu kuna tezi inayotoa mafuta yaitwayo sebamu. Mafuta hayo yanatakiwa kupanda hadi juu ya ngozi na kuilainisha. Tezi hizi ni nyingi na kubwa zaidi usoni, kifuani na mgongoni, ndiyo maana chunusi hujaa huko. Kwenye viganja na nyayo hazipo kabisa, nako huwezi kuona chunusi.

Mambo manne hukutana. Homoni za androjeni, ambazo wanaume na wanawake wote wanazo, huzisukuma tezi zitoe mafuta mengi, hasa kuanzia balehe. Seli zilizokufa, badala ya kupukutika, hugandana mlangoni mwa kitundu na kukiziba. Ndani ya mafuta yaliyonaswa huongezeka bakteria waitwao Cutibacterium acnes (hadi mwaka 2016 walikuwa wakiitwa Propionibacterium acnes), ambao kwa kawaida huishi kwenye ngozi ya kila mtu bila kumsumbua. Kisha kinga ya mwili huamka, na hapo ndipo panapokuja uvimbe, maumivu na usaha.

Katika mambo hayo manne hakuna uchafu wa damu. Wazo kwamba chunusi ni damu chafu inayotafuta pa kutokea limewafanya watu wengi wanywe dawa za kuharisha na za kusafisha damu, wakapoteza maji mwilini na chunusi zikabaki palepale. Hata weusi unaoonekana kwenye kitundu kilichoziba kikiwa wazi si uchafu. Ni melanini, yaani rangi ileile ya ngozi, pamoja na mafuta yaliyobadilika baada ya kukutana na hewa. Kusugua hakuuondoi, na kusugua kwa nguvu huzidisha uvimbe.

Nimeyataja yote manne kwa makusudi, kwa sababu kila dawa hulenga mojawapo au mawili tu kati yake. Antibayotiki hupambana na bakteria na uvimbe, ila haigusi mafuta wala kuziba kwa vitundu. Dawa za homoni hulenga mafuta. Isotretinoini peke yake ndiyo inayogusa yote manne, na hiyo ndiyo sababu ina nguvu kuliko zote na inahitaji uangalizi kuliko zote. Ukimwona mtu anashangaa kwa nini antibayotiki imepunguza vipele vya usaha lakini vile vichwa vyeusi na vyeupe bado vipo, jibu ni hilo: dawa ile haikuwahi kuwa ya vichwa vyeusi na vyeupe.

Kwa chunusi chache na nyepesi, dawa ya kumeza haihitajiki. Dawa za kupaka kama benzoili peroksaidi na adapaleni zinatosha zikitumiwa kwa uvumilivu. Vidonge huingia pale chunusi zinapokuwa nyingi na zenye uvimbe, zinapotapakaa mgongoni ambako kupaka ni shida, zinapofanya vinundu vikubwa chini ya ngozi, au zinapoanza kuacha makovu. Hata hapo kidonge hakichukui nafasi ya dawa ya kupaka. Vinakwenda pamoja.

Antibayotiki: si ya wiki moja, wala si ya mwaka mzima

Antibayotiki zinazotumika zaidi kwa chunusi ni za jamii ya tetrasaiklini: doksisaiklini, minosaiklini, limesaiklini, na sarecycline ambayo iliidhinishwa Marekani mwaka 2018. Doksisaiklini ndiyo inayojulikana na wengi, kwa kuwa hutumika pia kutibu maambukizi mengi na hata kuwakinga wasafiri dhidi ya malaria. Kujulikana huko ndiko kunakoleta matatizo. Mtu aliyewahi kuandikiwa doksi kwa siku saba kwa ugonjwa mwingine anadhani na chunusi zitaisha kwa siku saba.

Kwenye chunusi doksi hufanya kazi mbili. Inapunguza bakteria, na inatuliza uvimbe kwa njia isiyohusiana na kuua bakteria. Zote mbili huenda taratibu. Dozi ya kawaida kwa mtu mzima ni miligramu 50 hadi 100, mara moja au mbili kwa siku, na hukumu ya kama imesaidia hutolewa baada ya wiki 12 hivi. Anayeacha wiki ya pili kwa sababu uso haujabadilika ameacha kabla dawa haijapewa nafasi.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: kuendelea na antibayotiki kwa mwaka, au kuanza na kuacha kila chunusi zinaporudi. Bakteria wanaokutana na dawa ileile kwa muda mrefu hujifunza kuishi nayo, na usugu huo hauishii kwenye chunusi. Bakteria wengine mwilini nao wanaoga dawa hiyohiyo kila siku, wakiwemo wale ambao kesho wanaweza kuleta ugonjwa mkubwa zaidi ya vipele. Ndiyo maana miongozo ya madaktari inasisitiza muda wa miezi mitatu hadi minne, kisha kidonge kiachwe na dawa ya kupaka iendelee. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2021 unakataza kutumia antibayotiki ya kumeza peke yake, na unakataza pia kuichanganya na antibayotiki ya kupaka. Mwenzake sahihi ni benzoili peroksaidi, ambayo huwaua bakteria kwa njia wasiyoizoea, na hivyo hupunguza nafasi ya usugu kuota.

Namna ya kumeza nayo ina uzito wake. Kidonge cha doksi kikinasa kwenye umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, kinaweza kuuchoma na kuacha kidonda kinachouma kila unapomeza mate. Kimezwe kwa glasi nzima ya maji, ukiwa umekaa wima au umesimama, na usilale kwa nusu saa baada yake. Kumeza kwa funda moja la maji na kujitupa kitandani ndiyo njia rahisi ya kujiumiza. Doksi pia huifanya ngozi iungue haraka juani, hata ngozi nyeusi, kwa hiyo kinga ya jua na mavazi ya kufunika ni sehemu ya tiba.

Mjamzito hapewi tetrasaiklini, wala watoto wadogo, kwa sababu dawa hizi hushikamana na meno na mifupa inayokua na kuyatia meno rangi isiyofutika. Marekani mpaka huo umewekwa kwenye umri wa miaka 8, Uingereza miaka 12. Minosaiklini ina madhara yake ya ziada: kizunguzungu, rangi ya kijivu-buluu kwenye ngozi kwa baadhi ya wanaoitumia muda mrefu, na kwa wachache, kinga ya mwili kuligeukia ini au kuleta dalili zinazofanana na lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe. Kwa sababu hiyo madaktari wengi huanza na doksi.

Pale doksi na madini yanapokutana

Sasa tufike kwenye jambo ambalo laiti lingekuwa limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye kila mkebe. Zile tetrasaiklini zinazoshikamana na kalsiamu ya meno hushikamana pia na madini yaliyomo tumboni: chuma, zinki, kalsiamu, magnesiamu, na alumini iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kiungulia. Zikishashikana, hutokea kitu kimoja ambacho ukuta wa utumbo hauwezi kukipitisha. Ni kama watu wawili waliokumbatiana katikati ya mlango mwembamba: hapiti huyu wala yule. Dawa inatoka na choo, na madini nayo yanatoka.

Kwa hiyo yule anayemeza doksi pamoja na kidonge cha zinki asubuhi, akiamini anashambulia chunusi kutoka pande mbili, anaweza kuwa anaipunguza ile dawa yenye nguvu kwa ajili ya ile dhaifu. Nikiona mtu anasema doksi imegoma, swali langu la kwanza si dozi. Ni nini kingine anachomeza saa hiyohiyo.

Si tetrasaiklini zote zinazoathirika sawasawa. Tetrasaiklini yenyewe, ile ya zamani, huharibiwa zaidi, hata na maziwa. Doksi na minosaiklini huvumilia chakula vizuri zaidi. Lakini chuma ni adui wao wote. Tena kwa doksi, chuma kina hila ya ziada: sehemu ya dawa iliyokwisha kuingia kwenye damu hurudi utumboni kupitia nyongo, na chuma kikiikuta huko kinaishika na kuiondoa. Maana yake, kutenganisha saa kunasaidia lakini hakumalizi tatizo lote, na anayetibiwa upungufu wa damu kwa vidonge vya chuma anapaswa kumweleza daktari kabla ya kuanza doksi. Inawezekana moja ya tiba hizo ikasubiri.

Kwa madini mengine, weka angalau saa mbili hadi tatu kati yake na kidonge cha doksi. Mpangilio rahisi ni doksi asubuhi, madini usiku. Unafaa pia kwa ile sababu ya umio, kwani asubuhi hakuna anayelala mara baada ya kumeza. Na soma kibandiko cha multivitamini yako. Watu wengi hujibu kwa moyo safi kabisa kwamba hawatumii madini yoyote, kumbe kila siku wanameza kidonge cha multivitamini chenye chuma, zinki, kalsiamu na magnesiamu kwa pamoja.

Zinki: ahadi kubwa kuliko matokeo

Zinki si uongo mtupu, na sitaki kuitupa. Mwili unaihitaji kwa kuponya vidonda, kwa kinga na kwa kugawanyika kwa seli. Kwenye chunusi inaonekana kutuliza uvimbe na kuwadhoofisha kidogo wale bakteria. Mwaka 1977 watafiti wa Uswidi walichapisha matokeo ya wagonjwa waliomeza zinki sulfeti kwa wiki 12, na chunusi zao zilipungua sana. Habari hiyo ilienea, na hadi leo ndiyo mzizi wa ushauri mwingi unaozunguka. Kinachoachwa ni kwamba wagonjwa wale walimeza miligramu 135 za zinki halisi kwa siku, zaidi ya mara tatu ya kiwango cha juu kinachokubalika leo kwa matumizi ya kila siku.

Jaribio linaloeleza hali vizuri zaidi lilichapishwa mwaka 2001 na Brigitte Dréno wa Ufaransa na wenzake. Wagonjwa 332 wenye chunusi za uvimbe waligawanywa: wengine walimeza miligramu 30 za zinki halisi, wengine miligramu 100 za minosaiklini, kwa miezi mitatu. Waliofanikiwa, kwa kipimo cha kupungukiwa na zaidi ya theluthi mbili ya vipele vyao, walikuwa asilimia 31.2 upande wa zinki na asilimia 63.4 upande wa minosaiklini. Zinki ilisaidia baadhi ya watu. Antibayotiki ilisaidia maradufu. Na mwongozo wa madaktari wa ngozi wa Marekani uliotolewa mwaka 2024 umeiacha zinki ya kumeza kwenye kundi la tiba ambazo ushahidi wake hautoshi kuzipendekeza wala kuzikataa.

Jambo jingine linalopotosha ni namba kwenye mkebe. Zinki haiuzwi ikiwa peke yake. Imeungwa na kitu kingine, ikawa zinki sulfeti, zinki glukoneti, na kadhalika. Kidonge cha miligramu 220 za zinki sulfeti kina takriban miligramu 50 tu za zinki halisi. Kwenye zinki glukoneti, zinki halisi ni kama asilimia 14 ya uzito. Mikebe mingine huandika uzito wa mchanganyiko wote, mingine huandika zinki halisi. Watu wawili wanaoambiana wanameza miligramu 50 wanaweza kuwa wanameza vitu vinavyopishana sana, mmoja akiwa chini ya kiasi chenye faida na mwingine juu ya kiasi salama.

Kiasi salama kinajulikana. Mahitaji ya kila siku, chakula kikiwemo, ni miligramu 11 kwa mwanamume na 8 kwa mwanamke. Kiwango cha juu kwa mtu mzima ni miligramu 40 kwa siku kwa mujibu wa wataalamu wa Marekani, na 25 kwa mujibu wa wale wa Ulaya. Anayezidisha hukutana kwanza na kichefuchefu na maumivu ya tumbo, hasa akimeza bila kula. Hilo angalau humshtua. Baya zaidi ni lile lisilosikika. Zinki nyingi kwa miezi huzuia utumbo kufyonza madini ya shaba, na mwili ukikosa shaba huja upungufu wa damu usioitikia vidonge vya chuma, chembe nyeupe za damu hupungua, na mishipa ya fahamu huharibika: ganzi miguuni, mwendo wa kuyumba. Si kila uharibifu huo hurudi nyuma baada ya kuacha. Kijana mwenye afya hapaswi kufika huko kwa sababu ya vipele vya usoni.

Je, chunusi ni dalili kwamba mwili umekosa zinki? Hapana. Upungufu wa kweli wa zinki una sura nyingine: vidonda na vipele kuzunguka mdomo na sehemu za siri, kuharisha, nywele kukatika, vidonda kuchelewa kupona. Anayeangalia chunusi usoni mwa mtu na kutangaza kwamba amekosa madini fulani anabahatisha.

Nafasi ya zinki, kwa maoni yangu, ni ndogo lakini ipo. Inaweza kumfaa mwenye chunusi nyepesi za uvimbe ambaye hawezi au hataki antibayotiki. Daktari anaweza pia kuifikiria kwa mjamzito, ambaye milango ya tetrasaiklini na isotretinoini imefungwa kwake, kwa kiasi atakachopanga mwenyewe. Imezwe baada ya kula, kwa miezi mitatu, kisha ipimwe. Kama haijaleta kitu, iachwe.

Madini mengine yanayosifiwa hayana hata ushahidi huo mwembamba. Seleniamu ikizidi huangusha nywele na kufanya kucha ziwe dhaifu. Ayodini nyingi, kama ile ya vidonge vya mwani, inaweza yenyewe kuleta vipele vinavyofanana na chunusi, na vivyo hivyo vitamini B12 ya dozi kubwa kwa baadhi ya watu. Ukiona vipele vimelipuka wiki chache baada ya kuanza kirutubisho kipya, kitazame hicho kwanza kabla ya kutafuta cha kuongeza.

Isotretinoini, kidonge kinachoogopwa

Isotretinoini iliidhinishwa Marekani mwaka 1982 na ni dawa itokanayo na vitamini A. Huzinyausha tezi za mafuta, ikazuia vitundu kuziba, na kwa kuwa mafuta yamepungua, bakteria nao hukosa chakula. Hakuna dawa nyingine ya chunusi ambayo mtu humaliza dozi yake na mara nyingi akabaki bila chunusi kwa miaka. Wengine huhitaji duru ya pili.

Dozi hupangwa kwa uzito: miligramu 0.5 hadi 1 kwa kilo kwa siku, hadi jumla ya miligramu 120 hadi 150 kwa kilo ifikiwe. Mtu wa kilo 60 anayelenga 120 kwa kilo anahitaji jumla ya miligramu 7,200. Akimeza 60 kwa siku atamaliza kwa siku 120. Akimeza 30, kwa siku 240. Ndiyo maana rafiki yako alimaliza kwa miezi minne na wewe umeambiwa minane. Humezwa na chakula chenye mafuta, vinginevyo sehemu kubwa haifyonzwi.

Lile la kuua kizazi linahitaji kuelezwa vizuri, maana ndani yake kuna ukweli uliopinda. Isotretinoini haimfanyi mwanamke kuwa tasa. Kinachotokea ni kwamba mimba ikiingia wakati dawa ipo mwilini, mtoto anaweza kuharibika vibaya: ubongo, moyo, uso, masikio. Hatari hii ni kubwa na ya hakika kiasi kwamba Marekani ina mpango maalumu wa lazima tangu 2006, ambapo mwanamke anayeweza kupata mimba hapewi dawa bila vipimo vya ujauzito na uzazi wa mpango. Kinga ya mimba huanza mwezi mmoja kabla ya dawa, huendelea wakati wote wa dawa, na mwezi mmoja baada ya kuacha. Mwezi huo ukipita, dawa imetoka, na mimba ya baadaye haidhuriwi nayo. Kwa sababu hiyohiyo, mwanamume au mwanamke anayeitumia hachangii damu hadi mwezi upite tangu kuacha, kwani damu yake inaweza kuwekewa mjamzito. Na kamwe usimgawie mtu kidonge chako, hata dada yako.

Madhara ya kawaida ni ukavu: midomo kupasuka karibu kwa kila mtu, macho kukauka, pua kutoka damu. Misuli inaweza kuuma. Mafuta ya damu na vimeng'enya vya ini vinaweza kupanda, ndiyo maana damu hupimwa. Wiki za mwanzo chunusi zinaweza kuongezeka kabla ya kupungua. Kuhusu huzuni na mawazo ya kujidhuru, tafiti kubwa hazijaonyesha kwamba dawa hii huongeza hatari hiyo kwa watumiaji kwa ujumla, lakini kuna watu binafsi walioripoti mabadiliko ya hisia. Anayeitumia na watu wa nyumbani kwake wawe macho, na mabadiliko yoyote yamfikie daktari siku hiyohiyo, si mwisho wa mwezi.

Vitu viwili havichanganywi nayo. Virutubisho vya vitamini A, kwa sababu ni kama kumeza dozi juu ya dozi na ini ndilo linaloumia. Na tetrasaiklini, kwa sababu zote mbili zinaweza kupandisha shinikizo ndani ya fuvu: kichwa kuuma vibaya, kutapika, kuona ukungu au vitu viwiliviwili. Mtu aliyekuwa kwenye doksi anaacha doksi kwanza.

Dawa za homoni, na potasiamu

Kwa wanawake ambao chunusi zao hujaa kidevuni na kwenye taya na kuchacha karibu na hedhi, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni na projestini vinaweza kusaidia, kwa kupunguza androjeni zinazosukuma mafuta. Husaidia polepole, miezi mitatu au zaidi. Havimfai aliyewahi kupata damu kuganda kwenye mishipa, mvutaji sigara aliyevuka miaka 35, wala mwenye kipandauso kinachotanguliwa na miale ya macho. Vidonge vya projestini pekee ni kitu tofauti. Kwa baadhi ya wanawake huzidisha chunusi. Wengine huogopa kwamba doksi hubatilisha uzazi wa mpango. Haibatilishi, dawa ya kuogopwa kwa hilo ni rifampisini. Ila ukitapika au kuharisha sana muda mfupi baada ya kumeza kidonge cha uzazi, hesabu kama hukukimeza.

Spironolaktoni ilianza kama dawa ya kupunguza maji mwilini na shinikizo la damu, ila huzuia androjeni zisifanye kazi kwenye tezi. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2023 kwa wanawake 410 lilionyesha kwamba ilishinda kidonge cha kulinganishia kisicho na dawa ndani, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi katika wiki ya 24 kuliko ya 12. Wanaume hawapewi kwa chunusi kwa sababu inaweza kukuza matiti, na mjamzito hapewi kwa sababu inaweza kuvuruga ukuaji wa mtoto wa kiume tumboni.

Hapa pia kuna madini ya kuyaangalia. Spironolaktoni huufanya mwili ubakize potasiamu. Anayemeza pia kirutubisho cha potasiamu, au anayetumia ile chumvi mbadala ambayo kwa kweli ni potasiamu kloridi, anaweza kupandisha potasiamu hadi moyo ukapiga ovyo. Kwa msichana mwenye figo nzima na asiyetumia nyongeza yoyote hatari hiyo ni ndogo. Kwa mwenye ugonjwa wa figo ni kubwa. Kwa hiyo ukienda kwa daktari au mfamasia, chukua mikebe yote uliyonayo nyumbani, na ile ya virutubisho pia, umwekee mezani. Kumsimulia kwa kichwa huacha nusu nje.

Chunusi zikipoa, madoa yanabaki

Kwenye ngozi nyeusi, kipele kikipona huacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi mingi. Wengi huliona hilo doa na kusema dawa imeshindwa, wakaomba dozi iongezwe au wakakimbilia krimu za kung'arisha zenye steroidi, ambazo zenyewe huzalisha chunusi mpya na kuifanya ngozi iwe nyembamba. Gusa doa kwa kidole. Kama ni tambarare na haliumi, chunusi imeshaisha hapo; kilichobaki ni rangi. Doksi haiiondoi, zinki haiiondoi. Hufifia kwa muda, na hufifia haraka zaidi ukijikinga na jua, ukiacha kukamua vipele, na ukiendelea na adapaleni usiku, isipokuwa kwa mjamzito. Kovu lenye shimo au uvimbe mgumu ni jambo jingine, halifutwi na kidonge chochote. Kwa hiyo mwenye vinundu vinavyouma na vinavyoacha mashimo asikae miezi mitatu akijaribu zinki. Aende kwa daktari wa ngozi wiki hii.